Harry Houdini, Bingwa wa Pingu

Nilipokuwa mtoto alikuja mfanya mazingaombwe mmoja siku ya soko pale kwetu Kinyamaseke. Alifungwa kamba mikono na miguu, akafunikwa shuka, na mara akasimama huru. Sisi watoto tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini jioni ile akawaambia watu wazima kwamba aweza pia kusema na wafu. Bibi yangu, ambaye alikuwa amefiwa na mwanawe wa mwisho, akampa mbuzi. Kulipokucha hakuonekana mtu wala mbuzi. Kwa ajili ya mbuzi yule napenda kuwasimulieni habari za Harry Houdini, ambaye kwa kazi hiyo hiyo hakuwa na mfano.

Alizaliwa Budapest, katika nchi ya Hungaria, tarehe 24 Machi 1874, na jina lake lilikuwa Erik Weisz. Baba yake alikuwa rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi. Mwaka 1878 jamaa wote walikuwa wamehamia Marekani, katika mji mdogo wa Appleton. Baba akapoteza kazi, na njaa ikabisha hodi. Kijana akauza magazeti na kung'arisha viatu, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha tai mjini New York. Huko alisoma kitabu cha Mfaransa Robert-Houdin, bingwa wa viinimacho, akalichukua jina lake na kuliongeza herufi moja tu.

Mwaka 1894 alimwoa Bess, wakazunguka pamoja kwa malipo madogo sana. Hata mwaka 1899 tajiri mmoja wa majumba ya michezo, Martin Beck, akamshauri aache karata na kushika pingu. Ushauri huo ndio uliomtajirisha. Mwaka uliofuata alikwenda Ulaya, na sifa zake zikaenea.

Mwaka 1904 gazeti moja la London lilimletea pingu ambayo, walisema, fundi alitumia miaka mitano kuitengeneza. Houdini akaingia nyuma ya pazia mbele ya maelfu ya watu. Akatoka akitweta, pingu bado mkononi, akaomba afunguliwe kidogo avue koti. Wakakataa. Basi akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalikatakata koti lake mwenyewe. Baada ya saa moja na zaidi akatoka huru, na watu wakambeba mabegani. Wengine husema mambo yale yalipangwa tangu mwanzo. Huenda, lakini mimi bado nalifurahia koti lile.

Mara nyingine alivishwa koti la kufungia wenye wazimu, akaning'inizwa kichwa chini juu ya barabara, watu wakijaa huku na huku bila kulipa senti. Tena alijifungia ndani ya pipa la chuma lililojaa maji. Kwa ajili hiyo alijizoeza kuzuia pumzi nyumbani, ndani ya beseni kubwa la kuogea, mpaka akapita dakika tatu. Hakudai kwamba ana majini. Alisema wazi kwamba ni mazoezi, nguvu za mwili na ujuzi wa kufuli.

Mama yake alifariki mwaka 1913, naye akalia kama mtoto. Mwaka 1922, mke wa rafiki yake, mwandishi Arthur Conan Doyle, alimwandikia kurasa nyingi akisema zatoka kwa marehemu. Ziliandikwa kwa Kiingereza, na juu yake msalaba. Mama yule alikuwa mke wa rabi, wala Kiingereza hakukijua! Urafiki ukavunjika. Tangu hapo Houdini aliwawinda wadanganyifu wa waliofiwa, mara nyingine akiingia kwao na ndevu za bandia.

Mwaka 1926 alikuja New York Mmisri mmoja, Rahman Bey, aliyekaa saa nzima ndani ya sanduku majini, akisema roho yake hulala. Tarehe 5 Agosti Houdini, mwenye miaka 52, akafungiwa katika sanduku la chuma ndani ya bwawa la hoteli. Akatulia, akapumua polepole, akakaa dakika 91. Alipotoka alieleza kila kitu, akitumaini wachimba migodi wanaofukiwa waweza kufaidika.

Mwezi wa Oktoba, huko Montréal, mwanafunzi mmoja alimpiga ngumi za tumbo kabla hajajikaza. Akaendelea na michezo ingawa ana homa kali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, akafariki mjini Detroit tarehe 31 Oktoba 1926. Alizikwa New York, karibu na mama yake.

Walikuwa wamepatana na Bess maneno ya siri, ili mtu yeyote akija na salamu za uongo ajulikane. Bess alingoja miaka kumi, taa ikiwaka mbele ya picha ya mumewe. Mwaka 1936 akaizima.

Nilipomsimulia bibi habari hizi, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mjane yule naye alitoa mbuzi.