Jiwe lililopungua ili ling'ae

Masomo: Malaki 3:1-4, Mathayo 13:44-46

Ukifika Buhemba, wilayani Butiama, utakutana na vijana waliotoka Musoma, Bunda na kwingineko wakitafuta dhahabu. Wapo waliouza ng'ombe ili waingie shimoni, na hadi leo hawajaona kitu. Kwa ajili yao, na ya kila anayesubiri, leo tutafakari maisha ya John Williamson, mgunduzi wa almasi za Mwadui, Shinyanga.

Alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Kanada, akasomea miamba hadi shahada ya udaktari. Miaka ya 1930 alikuwa Tanganyika, akitafuta mahali almasi zinakotoka. Malaria ilimsumbua, fedha zikamwishia, akaishi kwa madeni. Mwaka 1940 alikipata alichokitafuta, na Mwadui ikawa mji wenye shule na hospitali.

Oktoba 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ikapelekwa London kukatwa. Fundi alipomaliza, zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikuwa imeondoka. Mwaka 1953 mafundi wa Cartier waliipachika katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, ikizungukwa na almasi nyeupe.

Fundi hakati jiwe kwa kulichukia. Anajua kwamba likichongwa pembe zake sawasawa, mwanga utaingia na kurudi ukiwaka. Nabii Malaki naye anamfananisha Bwana na fundi anayeketi kusafisha fedha. Anaketi, haiachi motoni akaenda zake.

Huenda mwaka huu umepungukiwa kazi, afya, au mtu uliyemtegemea. Sisemi kila hasara imetoka kwa Mungu. Mengine ni dhuluma za watu, na mengine hatujui sababu yake. Ninachosema ni kwamba kile kilichobaki mkononi mwako hakijawa kidogo mno kwa Fundi huyu. Usijitupe, maana Yeye hajakutupa.

Williamson alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Mgodi ukauzwa kwa wengine, na almasi zote zikabaki huku duniani.

Yule mfanyabiashara wa Injili aliuza vyote apate lulu moja, na lulu hiyo ni Ufalme wa Mungu. Kijana wa Buhemba, chimba, tafuta riziki yako kwa jasho la halali. Lakini jioni ya leo, kabla hujalala, jiulize: hicho unachokiuzia vyote, siku ya mwisho utaondoka nacho?

Nawatakia Jumapili njema.