Zino Davidoff: Muuza tumbaku aliyechoma siga zenye jina lake

MWEZI Agosti mwaka 1989, mzee wa miaka 83 mkazi wa Geneva, Uswisi, alichoma moto hadharani siga zaidi ya 100,000. Hazikuwa bandia wala za magendo. Zilitoka Cuba, nchi inayosifika kuliko zote kwa tumbaku ya aina hiyo, zikiwa na utepe mweupe wenye jina lake, na wateja wa kuzinunua walikuwepo. Yeye aliona hazifai, basi.

Mzee huyo ni Zino Davidoff. Wengi hapa kwetu wanalifahamu jina hilo kutoka kwenye chupa za manukato ya Cool Water, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1988. Lakini mwenye jina hakuwa mtengeneza manukato. Alikuwa muuza tumbaku wa dukani, ambaye maisha yake yote aliyaendesha kwa kujua jani zuri ni lipi na kumfundisha mteja naye alijue.

Kwa asiyezizoea, siga ni ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi wala kichungi. Moshi wake haumezwi. Mvutaji huuzungusha mdomoni, akaupima kwa ulimi na pua, kisha akautoa.

Zino alizaliwa Machi 1906 katika familia ya Kiyahudi, kwenye ardhi ambayo leo ni Ukraine na wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku. Mateso dhidi ya Wayahudi yalipozidi, familia ilikimbilia Geneva mwaka 1911, na mwaka uliofuata wakafungua duka dogo la tumbaku. Davidoff alipenda kusimulia kwamba Lenin alikuwa miongoni mwa wateja wa duka hilo, na kwamba aliondoka bila kulipa deni lake. Hesabu ya miaka inatia shaka, kwani Lenin alihama Geneva kwenda Paris mwishoni mwa 1908, kabla akina Davidoff hawajafika. Hata hivyo, duka lenye hadithi ya aina hiyo halihitaji bango mlangoni.

Miaka miwili shambani

Alipomaliza shule mwaka 1924, Zino alikwenda Amerika ya Kusini kujifunza biashara. Alipita Argentina na Brazil, akaishia Cuba, ambako alikaa kama miaka miwili akifanya kazi kwenye shamba la tumbaku. Huko ndiko alikopata mtaji wake mkubwa, kwa sababu siga ni zao la shambani kabla ya kuwa bidhaa ya kiwandani.

Tumbaku ya siga ya Cuba, hasa ile ya Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río, hukaa kitaluni kwa takriban siku 45, kisha miche huhamishiwa shambani kuanzia Oktoba. Mavuno hayafanywi kwa siku moja. Majani huchumwa mawili matatu kwa awamu, kuanzia chini ya mmea kwenda juu, na kila ngazi ina jina na kazi yake. Ya chini, yanayoitwa volado, ni mepesi na husaidia siga kuwaka vizuri. Ya kati, seco, ndiyo yenye harufu nzuri. Ya juu, ligero, yaliyopigwa na jua kwa muda mrefu, ni mazito, yana mafuta mengi na ndiyo yanayobeba ukali. Jani la kuviringishia nje hulimwa peke yake, chini ya kivuli cha kitambaa, ili litoke laini na bila madoa.

Baada ya kuchumwa, majani hutungwa kwenye miti na kukaushwa kwa hewa bandani kwa wiki kadhaa, yakageuka kutoka kijani kuwa kahawia. Kisha hurundikwa na kuvundikwa kama ndizi, isipokuwa hapa joto la rundo ndilo linalopunguza ukali wa jani na nikotini yake. Ligero huweza kukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kusokotwa.

Mkulima wa Urambo, ambaye tumbaku yake ya mvuke hukaushwa kwenye bani kwa siku chache tu na kwenda kuwa sigara za kawaida, ataiona tofauti mara moja. Katika siga, muda ni pembejeo sawa na mbolea, na unagharimu fedha. Lazima awepo mtu wa kuulipia, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila mvutaji wa mwisho, akishajua anacholipia. Kazi ya kumfikishia mvutaji huyo maarifa hayo ndiyo Davidoff aliyojipangia.

Ghala lililogeuka kiwanda

Alirudi Uswisi na karibu mwaka 1930 akashika duka la familia. Tatizo alilolikuta linajulikana kwa kila anayehifadhi mazao. Siga iliyotoka kwenye unyevunyevu wa Havana ilifika Ulaya, ikawekwa kwenye vyumba vinavyopashwa moto wakati wa baridi, ikakauka. Ganda lilipasuka na harufu ikapotea. Ikiwekwa penye unyevu kupita kiasi, nayo huota ukungu.

Davidoff alitengeneza ghala la chini ya duka ambalo joto na unyevu wake vilidhibitiwa ili vifanane na mazingira siga ilikotoka. Anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza Ulaya kufanya hivyo. Kiwango kinachotumika na wauzaji wengi hadi leo ni unyevu wa hewa wa karibu asilimia 70 na joto la nyuzi 18 hadi 20. Mkulima aliyewahi kurudishiwa mtumba sokoni kwa sababu ya unyevu anaelewa fedha iliyomo kwenye tarakimu hizo. Muuzaji huyu hakuwa na shamba wala msokotaji hata mmoja, lakini ghala lile lilikuwa ndicho kiwanda chake. Siga ile ile iliyouzwa na wengine, kwake ilikuwa na thamani zaidi kwa kuwa ilimfikia mteja ikiwa hai.

Aidha, aliwafundisha wateja kuonja. Siga kwanza huangaliwa na kubonyezwa polepole kwa vidole. Ikiwa laini sehemu moja na ngumu nyingine, msokotaji amekosea na moshi hautapita sawasawa. Ikilia kama jani kavu, imeharibika. Kisha hunuswa kabla ya kuwashwa. Kichwa chake hukatwa kidogo tu kwa kisu kikali, na ncha ya pili hupashwa moto huku ikizungushwa mpaka duara lote likolee.

Davidoff hakutaka haraka. Alishauri mvuto mmoja kwa karibu dakika nzima, kwani siga inayovutwa mfululizo hupata moto na kuwa chungu hata kama jani lake ni bora. Hakupenda pia kuona ikikandamizwa kwenye kisahani mwishoni. Iachwe izimike yenyewe.

Siga ya uzito wa kati ndiyo inayompima mwonjaji vizuri zaidi. Ile kali huchosha ulimi, na nyepesi mno hupita bila kuacha kitu. Ya kati hupatikana kwa kutegemea zaidi seco na kupunguza ligero, na ladha yake hubadilika kadiri inavyoungua. Theluthi ya kwanza huwa tulivu, pengine ikikumbusha mti wa mwerezi au mkate uliotoka kuokwa. Katikati hukolea kuelekea kahawa au kakao. Ya mwisho huja na pilipili, kwa sababu mafuta na nikotini vimejikusanya huko, na wengi huishia hapo.

Waonja kahawa wa Moshi wangeuelewa mchezo huu bila tafsiri. Nguvu ya siga, ambayo mtu huihisi kichwani na tumboni, si kitu kimoja na ladha yake, kama ambavyo uchungu wa kahawa si ushahidi wa ubora wake.

Isisahaulike kwamba kutomeza moshi hakuondoi madhara. Siga husababisha saratani ya mdomo, koo na mapafu, jambo ambalo lugha tamu ya waonjaji haiwezi kulifuta.

Jina lahamia kwenye jani

Miaka ya 1940 Davidoff alianza kuuza siga chache zilizotengenezwa Cuba kwa ajili yake, akazipa majina ya mashamba maarufu ya mvinyo ya Bordeaux, kama Château Latour na Château Margaux. Lilikuwa wazo la kijanja. Tajiri wa Ulaya alikuwa tayari amezoea kulipia udongo, mwaka na jina la shamba kwenye chupa. Davidoff alimwomba tu afanye hivyo hivyo kwenye tumbaku. Viwanda vidogo vya leo vinavyotoa siga chache kwa wateja wachache vinapita njia hiyo hiyo.

Serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda vya siga mwaka 1960, na Marekani ikafunga soko lake mwaka 1962. Shirika la serikali, Cubatabaco, likahitaji mtu anayeaminika Ulaya. Davidoff alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu siga mwaka 1967, na mwishoni mwa muongo huo siga zenye jina lake zikaanza kusokotwa katika kiwanda cha El Laguito mjini Havana. Muuzaji wa rejareja kupewa heshima hiyo na nchi mzalishaji si jambo la kawaida.

Mwaka 1970 aliuza biashara yake kwa kampuni ya Oettinger ya mjini Basel, iliyokuwa chini ya Ernst Schneider. Yeye alibaki kuwa sura na balozi wa jina hilo, akizunguka dunia.

Ubia na Cuba ulianza kuyumba miaka ya 1980. Upande wa Uswisi ulilalamikia ubora wa siga zilizokuwa zikiletwa, na palikuwa pia na mvutano juu ya nani hasa ana haki ya jina. Ndipo ukaja moto wa Agosti 1989. Wapo walioona ni tangazo la biashara lenye gharama kubwa. Huenda, lakini mnunuzi aliyeuona moto ule alipata uhakika ambao hakuna lebo ingeweza kumpa. Waliosahaulika katika mjadala huo ni wakulima wa Pinar del Río, ambao jani lao lilikuwa limeshavunwa, kupimwa na kupita mikononi mwa serikali yao muda mrefu kabla ya kiberiti kuwashwa.

Uuzaji wa siga za Davidoff za Cuba ulikoma mwaka 1991. Uzalishaji ukahamia Jamhuri ya Dominika, kwa mtaalamu wa tumbaku Hendrik Kelner, ambako bonde la Cibao lina historia ndefu ya zao hilo. Siga mpya zilikuwa laini kuliko za Havana, na wavutaji wa zamani walinung'unika. Hata hivyo zilikuwa na kitu ambacho za Cuba hazikuwa nacho: ruhusa ya kuingia Marekani.

Davidoff alifariki dunia mjini Geneva Januari 1994, akiwa na umri wa miaka 87. Masanduku machache ya siga zake za Cuba yaliyosalia bado hujitokeza kwenye minada, ikiwemo ya London, na wanunuzi huyalipia mara nyingi zaidi ya bei yaliyouzwa dukani.