Maisha ya Kirilo Japhet wa Meru

Kirilo Japhet alikuwa mtu wa Meru. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, na baadhi ya watu walikamatwa. Wameru hawakushika mikuki, wala hawakukubali fidia. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo ng'ambo. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza mashitaka yao. Azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura. Kirilo alirudi mikono mitupu, akazunguka nchi akisimulia. Na wengi wakajua ya kuwa mnyonge naye aweza kumshitaki mwenye nguvu.