Irving Langmuir na Uso wa Metali

Ndani ya glopu ya umeme ya aina ya zamani mna waya mwembamba sana. Umeme upitapo, waya huo hupata moto mkali na kutoa mwanga. Hapo kale glopu hizo zilikuwa na kasoro: vioo vyake viligeuka vyeusi kwa ndani. Sasa utasoma habari za mtu aliyeichunguza kasoro hiyo.

Irving Langmuir alizaliwa Brooklyn, nchini Marekani, mwaka 1881. Wazazi wake walimhimiza kuangalia mambo kwa makini na kuyaandika. Alipokuwa na umri wa miaka 11, iligunduliwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Baada ya kusaidiwa, aliona mambo mengi madogo ambayo hapo awali yalimpita.

Mwaka 1909 alianza kazi katika maabara ya General Electric, mjini Schenectady. Wataalamu walidhani kuwa weusi ule uliletwa na mabaki ya hewa, nao walijitahidi kuiondoa yote. Langmuir alifanya kinyume. Alitia gesi mbalimbali makusudi, apate kujua kila moja inafanya nini. Akagundua kuwa waya wenyewe, uliokuwa wa metali iitwayo tangsteni, uligeuka mvuke polepole na kuganda kwenye kioo. Kufikia mwaka 1913 alikuwa ametengeneza glopu zenye gesi ya naitrojeni, ambayo hupunguza mvuke huo.

Kazi hiyo ilimfunulia jambo kubwa zaidi. Oksijeni hushikamana na uso wa tangsteni kwa tabaka moja tu la atomu. Ni kama viti vya darasa lenu: kila kiti hukaliwa na mwanafunzi mmoja, navyo vikijaa, anayefuata hapati pa kukaa. Tabaka hilo halionekani kwa macho, lakini hubadili tabia ya metali. Kwa uchunguzi wake wa nyuso, Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932. Alifariki mwaka 1957.

Tangu miaka ya 1980, wanasayansi huuchunguza uso wa metali kwa miali miwili ya leza. Miali hiyo ikikutana usoni, hutokea mwanga wa rangi nyingine. Kwa kuupima mwanga huo, hutambua molekuli zilizoshikamana hapo.

Nawe ukikuta kitu kimeharibika, uliza kwanza sababu yake. Lakini glopu usiivunje, kwani kioo hukata.