HIRAM CODD: BWANA ALIYETIA GOLOLI NDANI YA CHUPA

Mpenzi msomaji, kabla sijakusimulia maisha ya bwana huyu, sharti kwanza niungame kosa langu. Nilipokuwa darasa la nne kwetu Mombasa, palikuwa na chupa moja nene ya kijani hafifu juu ya kabati la nyanya. Shingo yake ilikuwa imebanwa kama kiuno cha nyigu, na humo shingoni mlikuwa na gololi iliyogongagonga kila ulipoitikisa. Marehemu babu, aliyekuwa baharia, ndiye aliyeileta kutoka Bombay. Mimi chupa sikuiona; nilichokiona ni gololi tu. Siku moja nyanya alipokwenda sokoni, niliifunga chupa ndani ya gunia, nikaipiga kwa mchi. Gololi nikaipata. Nyanya aliporudi hakunichapa wala hakunigombeza. Aliinama akaokota vigae kimoja kimoja, akavifunga katika leso. Jamani, heri angenichapa!

Nilikuja kumjua Hiram Codd nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akitufundisha kanieneo ya gesi, mara akachora ubaoni chupa yenye gololi shingoni. Moyo ulinilipuka paa! Kengele ilipolia nilikimbilia maktaba, na haya ndiyo niliyoyavuna.

Codd alizaliwa mwaka wa 1838 katika mji wa Bury St Edmunds, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Alisomea uhandisi wa mitambo. Katika miaka ya 1860 alikuwa mchuuzi wa kampuni iliyouza vizibo vya gome la mti, vile vyepesi vinavyoelea majini. Kazi yake ilikuwa kutembelea watengenezaji wa vinywaji na kuwauzia vizibo. Huko ndiko alikoyasikia malalamiko yao.

Wakati huo soda ilikuwa imeshaenea Uingereza, lakini kuifunga ilikuwa si mchezo. Gesi iliyomo hutaka kutoka, na kizibo cha gome kikikauka hunywea. Kikinywea, gesi hutoroka, na mnunuzi akabaki na maji matamu yaliyochacha. Ndiyo maana chupa nyingi za zamani zilifanywa na kitako cha mviringo kama yai, ili zisiweze kusimama. Zikilala, kinywaji hukilowesha kizibo kisikauke. Hebu fikiria duka zima la chupa zisizoweza kusimama!

Mchuuzi mwingine angetetea mali yake. Codd hakufanya hivyo. Aliwaza namna ya kukiondoa kizibo kilichompa riziki, na mwaka wa 1872 akapata hataza ya chupa iliyofungwa kwa gololi ya kioo. Hataza, kwa wasioijua, ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake.

Chupa yenyewe ilifanya kazi hivi. Ndani ya mdomo wake mlichongwa mfuo, na katika mfuo huo ikatiwa pete ya mpira. Chupa ilijazwa ikiwa imepinduliwa kichwa chini, hivyo gololi ikaanguka mdomoni. Gesi ya soda nayo ikaisukuma gololi kwa nguvu dhidi ya pete. Kadiri gesi ilivyotaka kutoka, ndivyo ilivyojifungia mlango! Adui aliyekuwa akitoroka akageuzwa kuwa bawabu. Mnywaji alipotaka kufungua, aliibonyeza gololi kwa kijiti au kidole, pss! ikaanguka hadi pale shingo ilipobanwa. Hapo palikuwa na vishimo viwili vya kuikamata wakati wa kumimina, isije ikabingirika na kuziba tena.

Codd alikuwa pia mtu wa biashara. Watengenezaji wa soda walimlipa ada kwa leseni ya kutumia chupa yake, na gololi zilitengenezwa katika karakana yake ya Camberwell, kusini mwa London. Mshirika wake mmoja alikuwa Ben Rylands, mwenye kiwanda cha vioo karibu na Barnsley, Yorkshire. Kwa muda wa miaka michache tu chupa za Codd zilienea, zikavuka bahari hadi India na kwingineko.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Watoto wa Uingereza waligundua haraka kwamba kila chupa ina gololi ya bure. Wakazivunja kwa mawe, wakacheza. Hasara ikawa ya wenye soda, kwa kuwa chupa zilipaswa kurudishwa kiwandani na kujazwa tena. Niliposoma hapo nilifunika kitabu kwanza. Kumbe sikuwa peke yangu, lakini wingi wa wakosaji haupunguzi kosa.

Codd alifariki mwaka wa 1887, kabla hajatimiza miaka hamsini. Miaka mitano baadaye, yaani 1892, Mmarekani William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno, kile kile tunachokibandua kwenye soda za kantini. Kilikuwa rahisi na cha bei nafuu, nacho polepole kikaisukuma gololi nje ya soko. Hata hivyo chupa ya Codd haikufa. Japani bado inatumiwa kwa kinywaji kiitwacho Ramune, na India soda yake huitwa goli soda, au banta kule Delhi. Nilicheka peke yangu maktabani, kwa kuwa wapo wenzangu wa Nairobi waiitao gololi banta au bano.

Kuna jambo jingine litakalowapendeza wanachama wa chama chetu. Kiingereza kina neno codswallop, maana yake upuuzi mtupu, na watu husimulia kwamba lilitokana na jina la bwana huyu. Hadithi ni tamu, lakini ushahidi wa maandishi wa neno hilo unaanza miaka ya 1950, yaani zaidi ya miaka sitini baada ya kifo chake. Tusimeze kila asili ya neno tunayosimuliwa.

Basi wewe mwenye bano mfukoni, utaijuaje ya zamani? Itazame kwenye mwanga. Ikiwa ina tepe za rangi zilizosokotwa ndani na kovu pale ilipokatwa kwenye ufito wa kioo, huenda ni kazi ya mikono kama zile za Lauscha, Ujerumani, ambako mkasi maalumu wa kukatia gololi ulibuniwa katika miaka ya 1840. Ikiwa ni laini kote bila kovu, yaelekea ni ya mashine; mashine iliyoanzisha jambo hilo ilipewa hataza Marekani mwaka wa 1905, mvumbuzi akiwa Martin Christensen wa Akron, Ohio. Ya Codd kwa kawaida ni ya kioo kitupu cha kijani hafifu kama cha chupa yenyewe, bila urembo wowote. Yaani gololi niliyoivunjia chupa ndiyo sahili kuliko zote! Wakusanyaji huitafuta chupa nzima, na nzima ni adimu kwa sababu ya watoto kama mimi.

Likizo ya Agosti nilimrudishia nyanya gololi yake, nikamweleza habari za Codd na kumwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba babu alipotoka safari alikuwa akiitikisa ile chupa mlangoni badala ya kubisha hodi. Akaipokea gololi, akaifunga katika pindo la leso.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Ewe mwenzangu, kabla hujavunja kitu cha wazee ili upate kilichomo, uliza kwanza. Kiswahili kitukuzwe!