Sergei Winogradsky na Bakteria wa Udongo

Chota udongo mweusi wa bustani kiganjani mwako. Unaona chembe, mizizi na majani yaliyooza. Bakteria huwaoni, lakini katika kiganja hicho wamo wengi kuliko watu wote wa nchi yako. Mmoja wa watu waliotufundisha kazi ya viumbe hao ni Sergei Winogradsky.

Winogradsky alizaliwa mwaka 1856 mjini Kyiv. Leo mji huo ni mji mkuu wa Ukraine. Wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Katika ujana wake alijifunza kupiga piano, kisha akaiacha, akashika sayansi.

Siku hizo wataalamu walikwisha kujua kwamba samadi inapooza hutoa amonia, na kwamba bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitreti, chumvi inayolisha mimea. Lakini hakuna aliyeweza kuwatenga bakteria hao. Watu waliwapa mchuzi wa nyama uliogandishwa. Bakteria wengine walistawi. Hawa waliotafutwa hawakuota.

Mwaka 1888 Winogradsky alikwenda Zurich, nchini Uswisi. Yeye aliwaza kwamba huenda chakula chenyewe ndicho kilichowazuia. Basi akatayarisha maji yenye amonia na madini tu, bila kitu chochote kilichotoka kwa mnyama au mmea. Bakteria wakastawi! Mwaka 1890 alieleza kwamba viumbe hao hupata nguvu kwa kuunganisha amonia na oksijeni, na hujenga miili yao kwa kabonidayoksaidi. Mimea nayo hutumia hewa hiyo, lakini huhitaji mwanga. Bakteria hawa hufanya kazi gizani.

Baada ya Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 Winogradsky aliikimbia nchi yake, akapoteza mali yake. Alikuwa ameacha utafiti kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1922, akiwa mzee, aliitwa na Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa, akaanza upya kuchunguza udongo. Mwaka 1949 alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi yake. Alifariki mwaka 1953.

Siku hizi wataalamu huzika kipande cha makaa maalumu chenye waya ndani ya tope, na kingine hukiweka katika maji yaliyo juu yake. Bakteria wa topeni wanapokula mabaki ya mimea, umeme kidogo hupita katika waya. Hivyo udongo uliodhaniwa kuwa kitu kisicho na uhai ungali unatufundisha mambo mapya.

Maswali

1. Kwa nini bakteria waliotafutwa hawakuota katika mchuzi wa nyama?
2. Bakteria hawa wanafanana na mimea kwa jambo gani? Wanatofautiana kwa jambo gani?
3. Mkulima anapochoma majani makavu badala ya kuyafukia, bakteria wa udongo wanakosa nini?