Ahmad ibn Majid, Mjuzi wa Bahari

Wewe mwanafunzi unayesoma hapa Iguguno, huenda hujapata kuiona bahari. Labda umeliona Ziwa Singidani, na upepo ulipovuma uliona mawimbi yake. Lakini hukuona maji ya ziwa yakiuacha ufuko kwa muda wa saa sita, kisha yakarudi. Baharini hutokea hivyo mara mbili kwa siku. Leo utasoma habari za mtu aliyeichunguza bahari maisha yake yote.

Ahmad ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, katika nchi ambayo leo ni Umoja wa Falme za Kiarabu. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa vyombo vya matanga. Ahmad alirithi elimu yao, lakini hakuikubali mpaka aipime mwenyewe safarini. Alipoona kosa, alilisahihisha. Karibu na mwaka 1490 alikamilisha kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Mambo mengine aliyaandika kwa mashairi, na moja ya mashairi hayo laeleza njia ya pwani yetu hadi Sofala.

Jambo kubwa alilofundisha ni majira. Bara la Asia hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda juu, na upepo wa kusi huvuma kutoka baharini kwenda huko. Bara likipoa, upepo hugeuka ukawa kaskazi. Hata hapa Iguguno, upepo wa kusini-mashariki unaokausha alizeti baada ya masika ni ndugu wa kusi. Ibn Majid alitaja siku za kuondoka kila bandari, akihesabu tangu Nairuzi, kama walivyohesabu mabaharia Waswahili.

Je, kukosea majira kulileta hasara gani? Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alipewa rubani huko Malindi. Aliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, akaiona India kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Safari hiyo ilichukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kukosa matunda na mboga. Baadaye mwandishi mmoja wa Maka alidai kwamba rubani yule alikuwa Ibn Majid. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Wareno wenyewe waliandika kwamba alikuwa mtu wa Gujarat.

Rubani alipaswa pia kujua yaliyo chini ya maji. Kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kambani, alipima kina na kuona kama chini ni tope au mchanga. Kati ya Unguja na bara kina ni kidogo, lakini kati ya Pemba na bara sakafu ya bahari hushuka mamia ya meta. Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, kwa kuwa mwezi na jua huyavuta maji pamoja; Unguja maji huweza kupanda meta 4 hivi. Chombo kilichoingia bandarini wakati maji yanapwa kiliweza kupasuka juu ya mwamba.

Usiku Ibn Majid alipima urefu wa nyota kwa kibao chenye kamba ya mafundo. Nyota ya Kaskazini haionekani kusini mwa Ikweta, hivyo huku alitumia nyota nyingine.

Fanya jaribio hili. Katikati ya mwezi wa Mei, saa tatu usiku, tazama kusini uutafute Msalaba wa Kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi, uhesabu ngumi ngapi zatoka kwenye upeo wa macho hadi kwenye nyota hizo. Utapata tatu na nusu hivi. Mtoto wa Tanga atapata karibu sawa na wewe. Wa Maskati hatapata hata moja kamili.